Ravenna badala ya Venezia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa msomaji anayepanga safari ya Italia, anayetaka kuona kitu cha kale chenye uzito, lakini hana hamu ya kusukumana na umati. Kila jibu linajitegemea, kwa hiyo ruka moja kwa moja kwenye swali lako. Bei za tiketi na saa za kufungua hubadilika kila msimu, hivyo hakikisha tovuti rasmi kabla ya kulipa.

## Mambo ya msingi

Ravenna iko wapi, na mbona hatuisikii?

Iko kaskazini mashariki mwa Italia, mkoa wa Emilia-Romagna, kusini mwa Venezia na mashariki mwa Bologna, kilomita chache kutoka Bahari ya Adria. Ni mji wa watu zaidi ya 150,000, wenye bandari ya mizigo, viwanda na shule, na wenyeji wake wengi hawaishi kwa kumtegemea mtalii.

Mwaka 402 Kaisari Honorius alihamishia hapa makao ya Dola ya Roma ya Magharibi. Sababu yake ilikuwa ya kijeshi: mji ulizungukwa na vinamasi, adui asingeuingia kirahisi, na jirani yake palikuwa na bandari ya Classe. Dola ilipoanguka mwaka 476 alitawala Odoacer, kisha Theodoric, mfalme wa Wagothi wa Mashariki, aliyekaa madarakani kuanzia 493 hadi kifo chake 526. Mwaka 540 jeshi la Justinian, Kaisari wa Konstantinopoli, liliuteka mji, na gavana wake akabaki hapa hadi Walombardi walipouchukua mwaka 751. Kila mtawala alijenga, na wa baada yake hakubomoa sana. Majengo manane ya nyakati hizo yaliingizwa pamoja kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1996.

Kutosikika kwake kuna sababu mbili. Kwanza, haiko kwenye njia kuu ya treni za mwendo kasi inayounganisha Roma, Firenze na Venezia, na mgeni wa siku saba hufuata njia hiyo. Pili, majengo yake hayapigiki picha kwa nje. Ni matofali tu. Utajiri wote uko ndani, juu ya kichwa chako: mozaiki, yaani picha zilizopangwa kwa vipande vidogo vya kioo na mawe.

Je, Ravenna ni Venezia ya bei nafuu?

Hapana, na ukienda na matarajio hayo utarudi umenuna. Hutakuta gondola wala daraja la kupigia picha ya arusi. Zamani ilikuwa na mifereji kama Venezia, lakini mchanga wa mito ulijaza maji, bahari ikasogea mbali, na mifereji ikafukiwa ikawa mitaa. Venezia yenyewe iliitawala Ravenna kuanzia 1441 hadi 1509, na nguzo mbili za enzi hiyo bado zimesimama Piazza del Popolo, uwanja ambako watu wa mji hunywa kahawa.

Venezia utaisifu ukiwa nje, juu ya maji. Ravenna inakudai uingie ndani, unyamaze, na uinue macho. Kama raha yako ya safari ni kuzurura na kupiga picha za mitaa, nakushauri uende Ferrara au Padova badala yake (tazama swali la miji mingine).

Ni kweli kwamba vyumba na chakula ni nafuu kuliko Venezia, ila hiyo si sababu ya kwenda.

Kwani Venezia kuna shida gani hasa?

Wakazi wa kisiwa chenyewe wamepungua hadi chini ya 50,000, na siku za msimu wageni huwa wengi kuliko wenyeji. Serikali ya mji imejaribu njia kadhaa. Tangu Agosti 2021 meli kubwa za kitalii hazipiti tena kwenye mfereji wa Giudecca mbele ya uwanja wa San Marco. Tangu Aprili 2024 mgeni wa kutwa hulipa ada ya kuingia katika siku zilizotangazwa. Ilianza kwa euro 5, na mwaka 2025 anayechelewa kulipa alitozwa euro 10. Mwaka 2024 pia makundi ya watalii yaliwekewa kikomo cha watu 25, na kiongozi akakatazwa kutumia kipaza sauti.

Hatua zote hizo hazijaufanya mji uwe mtulivu. Zimeupa utaratibu kidogo tu.

Basi niiache Venezia kabisa?

Sishauri hivyo kwa mtu anayekwenda Italia mara moja maishani. Tatizo la Venezia ni saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Lala pale usiku mmoja, tembea alfajiri na baada ya chakula cha jioni, halafu panda treni kuelekea Ravenna. Anayelala hotelini halipi ile ada ya mgeni wa kutwa, ila hulipa kodi ya malazi ya kila usiku, ambayo utaikuta pia Ravenna na karibu kila mji wa Italia.

Kukaa Ravenna na kwenda Venezia kwa kutwa inawezekana, lakini ni safari ya takriban saa tatu kwenda na saa tatu kurudi, na unabadilisha treni Ferrara au Bologna. Utafika Venezia saa ileile wanayofika wengine wote. Faida iko wapi?

Siku ngapi zinatosha?

Usiku mbili. Watu wengi huja kutoka Bologna asubuhi na kurudi jioni, na wanaona majengo makuu matano. Wanachokosa ni nafasi ya kurudi. Mozaiki za asubuhi na za alasiri si zile zile, kwa sababu jua limehama dirisha. Ukiwa na siku ya pili unaongeza Classe na kaburi la Theodoric bila kukimbia.

## Visa na njia ya kufika

Nahitaji visa gani?

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo au Oman anahitaji visa ya muda mfupi ya Schengen (kundi la nchi za Ulaya zinazotumia visa moja), inayoruhusu hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Ada yake tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Bima ya safari lazima ifidie angalau euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasichelewe kuliko siku 15, lakini hizo siku 15 zisikudanganye: miadi ya kuelekea Julai na Agosti huisha mapema sana.

Watu huuliza sana waombe nchi gani wakiwa na ratiba ya nchi mbili. Omba ile utakayolala siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, omba ile utakayoingilia kwanza. Ukipanga usiku wanne Ufaransa na watatu Italia, maombi yako ni ya Ufaransa hata kama moyo wako uko Ravenna.

Ukiwa na kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen, mfano Ujerumani au Uswidi, huhitaji visa nyingine kwa matembezi mafupi. Kibali cha Uingereza hakikusaidii: mwenye pasipoti ya Uingereza anaingia bila visa, lakini mwenye pasipoti ya Kenya anayeishi London anaomba kama anayeishi Nairobi.

Tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kusajili alama za vidole na picha ya uso badala ya kugonga muhuri. Ukibadilisha ndege kwenye uwanja wa kwanza wa Schengen, jiachie muda.

Nishukie uwanja gani?

Bologna ndio wa karibu wenye ndege nyingi, na unaufikia kupitia Dubai au Istanbul. Ukipata nauli nzuri ya Roma au Milano kwa Shirika la Ndege la Ethiopia, chukua, kwa kuwa treni za kasi kutoka miji yote miwili hufika Bologna. Kutoka uwanja wa Bologna kuna treni ndogo ya juu inayokushusha stesheni kuu kwa dakika chache.

Na kutoka Bologna?

Treni ya mkoa, saa moja na robo hivi, wakati mwingine zaidi. Nauli yake haipandi kwa kuchelewa kununua, kwa hiyo usihangaike kukata tiketi miezi mitatu kabla. Tiketi ya karatasi igongwe kwenye mashine ya stesheni kabla ya kupanda. Mkaguzi akikukuta haijagongwa ni faini papo hapo, na maelezo ya "mimi ni mgeni" ameshayasikia.

Stesheni ya Ravenna iko ndani ya mji. Ukitoka mlangoni unatembea kwa miguu hadi katikati.

Nikodi gari?

Kwa Ravenna pekee, hapana. Kitovu cha mji, kama miji mingi ya kale ya Italia, kina eneo lenye marufuku ya magari linaloandikwa ZTL, na kamera husoma namba. Faini hukufuata nyumbani kupitia kampuni iliyokukodisha, pamoja na ada ya kampuni yenyewe. Mji ni tambarare kabisa na wenyeji wanatumia baiskeli. Kodi moja, na ifunge vizuri.

## Vya kuona

Tiketi zikoje? Nimesoma mambo yanayopingana.

Yanapingana kwa sababu wamiliki ni tofauti. Tiketi ya pamoja ya jimbo kuu Katoliki inafungua kanisa la San Vitale, kaburi la Galla Placidia, kanisa la Sant'Apollinare Nuovo, Ubatizo wa Neon (jengo la kale la kubatizia) na makumbusho ya askofu. Haifungui kaburi la Theodoric, Sant'Apollinare in Classe wala Ubatizo wa Waario (madhehebu ya Kikristo ya zamani). Hivyo vina tiketi zake.

Kaburi la Galla Placidia na Ubatizo wa Neon ni vyumba vidogo, kwa hiyo unachagua saa yako wakati wa kununua na kukaa ndani ni kwa dakika chache tu. Panga saa hizo kwanza, mengine yajipange pembeni yake. Makumbusho ya serikali Italia huwa bure Jumapili ya kwanza ya mwezi, lakini majengo ya jimbo hayamo katika mpango huo.

Nikiwa na nafasi ya kuona jengo moja tu?

San Vitale, kwa kuwa kaburi la Galla Placidia liko uani kwake na utapata mawili.

San Vitale lina pembe nane na liliwekwa wakfu katikati ya karne ya sita. Gharama zake zilibebwa na tajiri aliyeitwa Julius Argentarius. Karibu na altare, ukutani kushoto, amesimama Justinian na watu wake. Ukutani kulia, mkewe Theodora na wanawake wa jumba lake. Wote wawili hawakuwahi kukanyaga Ravenna. Aliyekuwepo ni askofu Maximianus, na ndiye pekee aliyeandikiwa jina juu ya kichwa. Tazama pindo la vazi la Theodora: wametariziwa Mamajusi watatu wakipeleka zawadi.

Kwa Galla Placidia, usidanganywe na jina. Huyu binti wa Kaisari na dada wa Honorius alifia Roma mwaka 450, na hakuna sababu ya kuamini kwamba alizikwa hapa. Ni nyumba ya matofali usiyoweza kuigeukia mara mbili ukipita. Ndani, madirisha ni ya jiwe la alabasta linalopitisha mwanga wa rangi ya asali, na dari ni buluu nzito iliyojaa nyota za dhahabu. Subiri macho yazoee giza kabla ya kuanza kutazama. Wengi hupoteza dakika zao za mwanzo wakihangaika na simu.

Mozaiki ni picha za vipande tu. Kwa nini za hapa zisifiwe kuliko za kwingine?

Kwa wingi wake, kwa umri wake, na kwa jinsi mwanga unavyotembea juu yake. Vipande vya dhahabu vimetengenezwa kwa karatasi nyembamba ya dhahabu iliyobanwa na kioo, na fundi hakuvilaza sawasawa. Kila kimoja kimeinama kidogo upande wake. Ukisimama mahali pamoja utaona picha nzuri. Ukitembea taratibu huku ukitazama juu, ukuta unawaka na kuzima.

Beba darubini ndogo kama unayo. Sura nyingi ziko juu sana, na simu haikuoneshi kipande kimoja kimoja.

Nimesikia kuna mozaiki yenye mikono isiyo na watu. Iko wapi?

Sant'Apollinare Nuovo. Theodoric alilijenga kanisa hili mapema karne ya sita kwa ajili ya jumba lake. Yeye na Wagothi wake walikuwa Waario, Wakristo waliokataa kwamba Kristo yuko sawa na Mungu Baba, na wenzao Wakatoliki waliwahesabu kuwa wazushi. Baada ya Justinian kuuteka mji, kanisa likahamia kwa Wakatoliki, na ukuta ukasafishwa.

Ukiingia, tazama ukuta wa kulia karibu na mlango. Kuna jumba lenye neno PALATIVM. Kati ya nguzo zake yananing'inia mapazia meupe yaliyofungwa mafundo. Hapo awali walisimama watu, pengine mfalme na wakubwa wake. Walipofutwa, fundi alijaza mapazia lakini hakujisumbua kuzigusa nguzo. Kwa hiyo kwenye nguzo kadhaa nyeupe bado kuna kiganja hapa, vidole pale, vya watu ambao hawapo. Mwanzo hutaviona. Ukishaona kimoja, utaviona vingine.

Kuanzia kwenye jumba hilo wanapita wafiadini 26 kwa mstari kuelekea altare, na upande wa pili mabikira 22 wakitokea bandari ya Classe.

Kuna chochote hapo kinachotuhusu sisi wa Afrika?

Kipo, na viongozi wa watalii hukipita haraka. Ndani ya makumbusho ya askofu kuna kiti cha enzi cha Maximianus, cha karne ya sita, kilichofunikwa kwa vibao vya pembe za ndovu vilivyochongwa. Pembe za wakati huo katika nchi za Bahari ya Kati zilitoka Afrika kwa wingi, na bandari ya Adulis, kwenye Eritrea ya leo, ilikuwa mojawapo ya milango yake mikubwa. Kwenye mbavu za kiti imechongwa hadithi ya Yusufu: ndugu zake wakimtupa kisimani, wakimuuza, naye akiinuka Misri. Mwislamu na Mkristo wote wataisoma bila maandishi.

Kingine ni beseni la jiwe la zambarau kwenye ghorofa ya juu ya kaburi la Theodoric. Jiwe hilo lilichimbwa jangwani mashariki mwa Misri, na Makaisari walilitumia kwa mambo ya kifalme. Beseni liko tupu. Kaburi lenyewe lina kituko kingine: paa lake ni jiwe moja kutoka Istria, ng'ambo ya bahari, lenye upana wa zaidi ya mita 10 na uzito wa zaidi ya tani 200.

Mshairi Dante ni wa Firenze. Kwa nini kaburi lake liko Ravenna?

Kwa sababu Firenze ilimfukuza. Alihukumiwa mwaka 1302, akatangatanga, akapokelewa Ravenna, na hapo akafa Septemba 1321. Sifa zake zilipovuma, Firenze ilitaka mifupa. Mwaka 1519 ikapata ruhusa ya Papa Leo wa Kumi, mtoto wa ukoo wa Medici wa hukohuko Firenze. Wajumbe walipolifungua sanduku walikuta hamna kitu. Watawa Wafransisko walikuwa wameshaificha mifupa, na haikuonekana tena hadi 1865, fundi mwashi alipoikuta ukutani wakati wa ukarabati.

Firenze imebaki na kaburi tupu ndani ya kanisa la Santa Croce. Taa inayowaka kwenye kaburi la Ravenna hutiwa mafuta yanayotolewa na Firenze kila mwaka mwezi Septemba. Mimi naiita faini inayolipwa kwa awamu.

Jengo dogo la sasa ni la 1780 na kuingia ni bure. Ukiwa hapo, pita kanisa la San Francesco jirani. Ardhi ya Ravenna imekuwa ikididimia kwa karne nyingi, na chumba cha chini ya altare kimejaa maji. Weka sarafu, taa inawaka, na utaona samaki wakiogelea juu ya sakafu ya mozaiki.

Classe inastahili safari?

Ndiyo. Ni kituo kimoja tu kwa treni, au basi, au baiskeli. Kanisa la Sant'Apollinare in Classe, lililowekwa wakfu mwaka 549, limesimama peke yake uwandani. Bahari iliyoleta meli hadi hapo sasa iko kilomita kadhaa. Juu ya altare kuna uwanda wa kijani wenye kondoo, miti na ndege, na katikati mtakatifu Apollinaris ameinua mikono akiomba. Kwa maoni yangu ndiyo picha yenye furaha kuliko zote za Ravenna.

## Chakula, mavazi na ibada

Nakula nini, na nyama ya nguruwe nitaikwepaje?

Mkate wa Romagna ni piadina, binamu wa chapati: unga, maji, chumvi na mafuta, unaokaangwa kwenye bamba la moto na kukunjwa na vitu ndani. Huuzwa kwenye vibanda vilivyochorwa mistari ya rangi. Tahadhari iko kwenye mafuta. Kiasili ni strutto, yaani mafuta ya nguruwe, hivyo hata piadina ya jibini tupu inaweza isiwe halali. Omba "piadina all'olio", iliyokandwa kwa mafuta ya zeituni. Vibanda vingi wanayo. Uliza tu: "C'è strutto?" Na kumbuka bamba linaweza kuwa lilelile.

Ndani yake weka squacquerone, jibini laini la huko linalotiririka, na majani ya rucola. Mchuzi wa nyama wa tambi, ragù, mara nyingi una nguruwe. Salama zaidi ni samaki: dagaa wa kuchoma wa Adria na kome wa Marina di Ravenna ni wazuri sana. Passatelli ni tambi nene za mkate uliosagwa, jibini na mayai. Ulizia supu yake imepikwa na nyama gani.

Coperto kwenye bili ni kitu gani? Nimeibiwa?

Hujaibiwa. Ni malipo ya kukaa mezani na mkate, kwa kila kichwa, na huandikwa kwenye menyu. Bakshishi si lazima. Kahawa ukiinywa umesimama kaunta ni nafuu kuliko ukikaa uwanjani.

Msikiti upo?

Upo mkubwa, uliofunguliwa mwaka 2013 katika eneo la viwanda la Bassette, nje ya katikati ya mji. Angalia usafiri wa kwenda na kurudi kabla ya Ijumaa.

Nivae vipi makanisani?

Mabega na magoti yafunikwe, wanaume kwa wanawake. Buibui na hijabu hazina tatizo. Baadhi ya makanisa bado yana misa, na wakati wa misa watalii husubiri nje.

## Maswali ya pembeni

Kiingereza kinatosha?

Hotelini na kwenye tiketi, ndiyo. Kwenye kibanda cha piadina, nusu nusu. Wasomaji wa Malindi na Watamu waliokulia kati ya Waitaliano wana bahati yao: Kiitaliano kile cha ufukweni kitawafungulia milango mingi, na kitazua maswali mengi pia.

Msimu upi ni bora?

Septemba na Oktoba. Aprili na Mei hali ya hewa ni nzuri, lakini wanafunzi wa Italia huwa kwenye ziara za shule, na kelele za watoto sitini ndani ya San Vitale si mchezo. Julai na Agosti kuna joto la unyevu na mbu wengi, ingawa Juni na Julai kuna Tamasha la Ravenna, linalofanyika tangu 1990, lenye muziki hata ndani ya makanisa ya kale. Karibu na tarehe 15 Agosti maduka mengi hufungwa. Novemba hadi Januari kuna ukungu na baridi, saa za kufungua ni fupi, na utakuwa karibu peke yako. Mimi ningechagua hiyo.

Nimesikia kuhusu mafuriko.

Emilia-Romagna ilipigwa vibaya Mei 2023 na tena Septemba 2024, na wilaya ya Ravenna ilikuwa miongoni mwa zilizoumia. Vuli ikiwa na mvua kubwa, angalia matangazo ya treni, hasa njia ya milimani ya Faenza kwenda Firenze. Kupitia Bologna ni salama zaidi kwa ratiba.

Watoto watachoka?

Wakilazimishwa majengo matano kwa siku, ndiyo. Wape kazi ya kutafuta: mikono isiyo na watu, samaki wa San Francesco, na mchoro wa njia zinazozunguka kwenye sakafu ya San Vitale mbele ya altare, wanaoweza kuufuata kwa miguu. Alasiri wapeleke baharini Marina di Ravenna kwa basi. Zipo pia karakana zinazofundisha kutengeneza mozaiki kwa saa chache. Weka nafasi mapema.

Kama Ravenna si ya kwangu, mji gani mwingine?

Ferrara, kwa mitaa ya kutembea, ngome ya ukoo wa Este yenye handaki la maji, na kuta za kilomita 9 unazozunguka kwa baiskeli. Padova, kama unataka kuwa karibu na Venezia: kikanisa cha Scrovegni kilichochorwa na msanii Giotto mwanzoni mwa karne ya 14 huingiwa kwa nafasi iliyowekwa tu. Faenza, kama unapenda vyungu na kauri.

Meli yangu ya kitalii inatia nanga Ravenna. Si ndiyo hali ileile ya Venezia?

Swali la haki. Gati la meli liko Porto Corsini, pwani, na baadhi ya abiria hupakiwa mabasi moja kwa moja kwenda Venezia, wakaipita Ravenna yenyewe. Wanaobaki huingia mjini kwa makundi kati ya saa nne na saa nane mchana.

Ukiwa miongoni mwao, ondoka gatini mapema, na chukua saa ya kwanza inayopatikana Galla Placidia. Toka hapo uingie San Vitale, kisha Ubatizo wa Neon na kiti cha pembe vilivyo jirani, kaburi la Dante, na umalizie Sant'Apollinare Nuovo, ambalo ni kubwa na halibani hata kundi likiwemo. Kama unalala mjini, fanya kinyume: angalia ratiba ya meli, na siku yenye meli nenda Classe asubuhi, urudi San Vitale alasiri.